Walemavu wa Vijiji Vyetu na Kura ya 2027

Mazungumzo na wawakilishi wa vikundi vya kujisaidia, Msambweni

 

Tumeombwa tuseme machache juu ya walemavu na uchaguzi unaokuja. Tunajua wengi mmetoka mbali. Wa Funzi mmevuka kwa mashua, wa upande wa Mwereni mmeondoka nyumbani kabla ya jua. Kwa hiyo hatutazunguka. Uchaguzi mkuu ni Jumanne tarehe 10 Agosti 2027. Sisi wa ofisi ya huduma za jamii hatuna mgombea, wala hatukuja kumpigia mtu debe. Tumekuja kwa sababu kampeni ndio msimu ambapo wakubwa hutufuata wenyewe, chini ya miembe yetu, bila kuitwa, wakakaa wakasikiliza. Ukiisha msimu huo ni sisi tutakaopanda matatu kwenda Kwale kuwatafuta, na kumpata mtu ofisini ni bahati.

Sasa tujiulize: wakija, mtu mwenye ulemavu ataambulia nini? Miaka iliyopita tumeona. Ataambulia fulana, pakiti ya unga, na mmoja au wawili wataitwa mbele wapewe kiti cha magurudumu, wapigwe picha. Tunataka safari hii ombi letu liwe huduma: dawa ambayo haikatiki, mwalimu, fundi, njia inayopitika. Mambo kama hayo yakishaandikwa kwenye bajeti yana nafasi ya kubaki hata yule aliyeahidi akianguka kwenye kura.

Tuanze kwa kuhesabu

Sensa ya mwaka 2009 ilisema Wakenya wenye ulemavu ni asilimia 3.5. Sensa ya 2019 ikasema ni asilimia 2.2, yaani kama watu laki tisa wa umri wa miaka 5 na zaidi. Je, katika miaka kumi walemavu walipona? Hapana. Namna ya kuuliza ilibadilika. Mwaka 2019 watu waliulizwa kama wana shida ya kuona, kusikia, kutembea, kukumbuka, kujihudumia au kuwasiliana, na waliohesabiwa ni wale wenye shida kubwa. Watoto wa chini ya miaka 5 hawamo kabisa. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba katika kila watu 100 ulimwenguni, kama 16 wana ulemavu mkubwa wa namna fulani. Kati ya 2 na 16 kuna pengo, ndugu zangu, na ndani ya pengo hilo wamo watu wa mitaa yetu.

Wengine wamo humo kwa sababu tumewaficha. Karani anabisha hodi, anaambiwa nyumba hii ina watu saba. Wa nane yuko chumba cha nyuma. Hatusemi mama anayemficha mtoto wake hana huruma. Mara nyingi anaogopa midomo ya watu: amelogwa, ana mashetani, mama mtu alifanya kitu. Lakini sheria ya mwaka 2003 ilikuwa tayari inakataza kumficha mlemavu asipate huduma, na zaidi ya sheria, mtoto asiyejulikana hapangiwi chochote. Afisa wa kaunti hawezi kununua vifaa vya mtu ambaye kwenye karatasi zake hayupo.

Wengine hawajioni kuwa ni walemavu. Mvuvi mwenye mabusha hatasimama mkutanoni kusema habari zake. Mzee mwenye matende haendi tena msikitini kwa sababu mguu haungii kwenye kiatu, lakini yeye atakwambia huu ni ugonjwa tu. Sote tunajua matende na mabusha huletwa na mbu, na kampeni za kumeza dawa zilianza huku pwani mwaka 2002. Dawa zile zinazuia ugonjwa usisambae, lakini mguu uliokwisha kuvimba hazirudishi. Huyo anahitaji kufundishwa kuuosha kwa sabuni kila siku, kuukausha vizuri na kuuinua anapokaa, na mwenye mabusha anahitaji upasuaji. Vilevile bibi asiyeona kwa sababu ya mtoto wa jicho. Watu wanasema ni uzee. Kumbe wengi wa namna hiyo wakipasuliwa wanaona tena, na Kituo cha Macho cha Kwale kimekuwa kikifanya kazi hiyo tangu miaka ya 1990. Waandikeni wote hao.

Tunapendekeza kila kikundi kinunue daftari moja la jalada gumu. Andikeni jina, umri, ni kitu gani mtu anashindwa kufanya, na anahitaji nini. Halafu mwulize mambo matatu: ana kitambulisho? Ana kadi ya Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu? Amejiandikisha kupiga kura? Wahudumu wa afya wa jamii, wale wanaopita nyumba kwa nyumba na mikoba yao, wanawajua watu wengi na watasaidia. Lakini mtu akikataa kuandikwa, mwacheni. Na daftari lifungiwe kwa katibu. Yasije majina ya watu yakasomwa kilabuni au kwenye baraza la kahawa.

Jambo dogo kuhusu maneno. Wazee wetu walisema kiwete, kipofu, kiziwi, kilema, na ukisikiliza vizuri maneno hayo yanakwenda pamoja na kiti, kikapu na kijiko. Sisi wenyewe, tuliosoma kazi hii miaka mingi iliyopita, tulifundishwa kusema "walemavu" na bado neno hilo hutuponyoka, kama mlivyosikia. Siku hizi wenyewe wanapenda kuitwa watu wenye ulemavu, mtu akitangulia. Tujizoeze. Lakini msije mkatumia mkutano mzima kubishana juu ya jina na huku mtu mwenyewe amekosa njia ya kufika chooni.

Kiti cha magurudumu

Hapa tutakaa kidogo, maana kiti ndicho kinachopendwa sana na wanasiasa. Kinaonekana, kinang'aa, na kinatosha kwenye picha.

Katika kutembelea nyumba tumeviona viti hivyo baada ya mwaka mmoja. Kimoja kimeegemezwa mwembeni, tairi moja haina mpira, kuku wamekifanya kitaga. Kingine mwenyewe alikiuza kulipa deni la duka. Si uvivu wala dharau. Viti vingi vinavyotolewa mikutanoni ni vya aina ya hospitali, vya kumsukuma mgonjwa kwenye sakafu ya simenti kutoka wodi hadi eksirei. Magurudumu ya mbele ni madogo kama ya toroli ya dukani. Sasa yapeleke kwenye mchanga wa Msambweni, au njia ya kwenda Gazi mvua ikinyesha. Yanazama. Mwenye kiti anarudi kutambaa kama zamani.

Halafu kuna ukubwa. Mtoto wa miaka sita akikalishwa kwenye kiti cha mtu mzima anaegemea upande mmoja mchana kutwa, na baada ya miaka michache uti wa mgongo unakuwa umepinda. Na mtu aliyevunjika mgongo, kwa mfano aliyeanguka kutoka mnazini, hana hisia katika makalio. Akikaa bila mto maalumu anapata kidonda bila kujua. Kidonda kile kikiingia hadi kwenye mfupa kinaweza kumuua. Kwa hiyo zawadi iliyotolewa kwa nia njema, au kwa nia ya kura, inaweza kumletea mtu madhara.

Mwaka 2008 Shirika la Afya Duniani lilitoa mwongozo juu ya viti vya magurudumu kwa nchi kama zetu. Linasema utoaji wa kiti una hatua nane, tangu mtu kuelekezwa mahali pa huduma, kupimwa mwili wake na mazingira ya nyumbani, kuchaguliwa aina ya kiti, mpaka kukirekebisha kimfae, kumfundisha kukitumia, na mwisho kumfuatilia na kukitengeneza kikiharibika. Kwenye jukwaa la kampeni mnaona hatua ngapi? Moja, ya kukabidhi. Kwa njia zetu za mchanga kuna viti vya magurudumu matatu, lile la mbele liko mbali na miguu na ni kubwa, hivyo hakizami upesi wala hakipinduki. Mafundi wa baiskeli wa Ukunda na Ramisi wanaweza kutengeneza sehemu nyingi za kiti kama hicho wakifundishwa na wakipata vipuri. Na msidhani ujuzi uko mbali. Chama cha watu wenye ulemavu wa viungo, APDK, kimekuwapo Kenya tangu 1958, na karakana zake za Bombolulu pale Mombasa zilianza 1969, na waliofanya kazi humo ni watu wenye ulemavu wenyewe.

Hatusemi mtu akatae kiti. Mama aliyembeba mwanawe mgongoni mwaka wa kumi sasa, akipewa kiti apokee, na Mungu ambariki aliyetoa. Sheria ya makosa ya uchaguzi ya 2016 inakataza kununua kura, na kiti hakimfungi mtu kumchagua yeyote. Lakini nyinyi wanakikundi mliosimama pembeni, ulizeni kwa sauti: Mheshimiwa, nani amempima? Kikiharibika tumpelekee nani? Na wale wengine kumi na wanane walio kwenye daftari letu?

Nani anahusika na nini

Siku ya kura mtapewa karatasi sita: ya rais, gavana, seneta, mbunge, mwakilishi wa kike na mwakilishi wadi. Kila mmoja wa hao atawaahidi kila kitu. Mgombea wa wadi atawaahidi shule ya viziwi, mgombea ubunge atawaahidi dawa za dispensari, na sisi tutapiga makofi. Katiba ya 2010 iligawa kazi, na ukimwomba mtu kitu kisicho mkononi mwake umempa njia ya kuponyoka.

Afya iko kaunti, kuanzia dispensari ya kijijini mpaka hospitali ya rufaa ya kaunti hapa Msambweni. Chekechea ni za kaunti. Vyuo vya ufundi, vile tulivyozoea kuviita polytechnic, ni vya kaunti. Barabara za vijijini na masoko, kaunti. Shule za msingi na sekondari, pamoja na shule maalumu kama ile ya viziwi ya Kwale au ya wasioona ya Likoni, ziko chini ya serikali ya taifa. Vituo vya kupima mahitaji ya elimu ya watoto, vilivyoanza 1984, ni vya wizara ya elimu. Fedha za Inua Jamii, zile shilingi 2,000 kwa mwezi kwa nyumba yenye mtu mwenye ulemavu mkubwa, ni za serikali ya taifa, na Baraza la Taifa la Watu Wenye Ulemavu pia ni la taifa.

Tuchukue mifano miwili. Kwanza kifafa. Dawa za kifafa kama fenobabitali ni za bei ndogo, na mtu akizimeza kila siku anaweza kukaa miezi au miaka bila kuanguka. Lakini zikikatika wiki mbili anaanguka, na huku kwetu anaangukia wapi? Jikoni kwenye mafiga, kisimani, au baharini akiwa kwenye ngalawa. Tumewaona wenye makovu ya moto ambao ulemavu wao wa mkono ulitokana na dawa kukosekana, wala si kifafa chenyewe. Dawa hiyo inanunuliwa na kaunti. Hapo muulizwe ni mgombea ugavana na mgombea wa wadi, kwa sababu yule wa wadi ndiye atakayeketi katika bunge la kaunti kupitisha bajeti ya dawa.

Pili, mtoto anayezaliwa na nyayo zilizopindia ndani. Akianzishiwa matibabu akiwa na majuma machache, hufungwa plasta kidogo kidogo, inabadilishwa kila juma kwa majuma kadhaa, wengi hukatwa kamshipa kadogo nyuma ya kisigino, halafu huvaa viatu vya kushikilia miguu, zaidi usiku, mpaka kama miaka minne. Mtoto huyo atacheza mpira. Akichelewa, atatembelea ubavu wa mguu maisha yake yote au atahitaji upasuaji mkubwa. Tofauti ya hao wawili ni muuguzi wa zahanati au mkunga aliyemtazama miguu siku ya kuzaliwa, na nauli ya kufika hospitali kila juma. Hakuna anayejenga jengo hapa wala kukata utepe, na labda ndiyo maana hakuna anayeliahidi jukwaani.

Kuhusu mbunge na CDF, tuwe waangalifu. Watu wamezoea kwamba mfuko huo ndio unaojenga madarasa. Mwezi Septemba 2024 Mahakama Kuu iliamua kwamba sheria ya mfuko huo inakwenda kinyume cha Katiba. Kazi ambayo mbunge anayo bila ubishi ni kutunga sheria, kupitisha bajeti ya taifa na kuisimamia serikali. Mwulizeni atasema nini bungeni Inua Jamii ikicheleweshwa.

Mtu anaweza kusema, haya ni maneno ya ofisini, watu wa kawaida hawasikilizwi. Basi tukumbuke majirani zetu Wamakonde wa Makongeni. Wazee wao walikuja kutoka Msumbiji kufanya kazi kwenye mashamba ya mkonge na miwa, watoto na wajukuu wakazaliwa hapa, na miaka yote hiyo wakawa hawana kitambulisho. Hawakuweza kupiga kura, kwa hiyo hata mwanasiasa hakuwa na haja nao. Oktoba 2016 walifunga safari kwa miguu kutoka Kwale kwenda Nairobi kumwona Rais. Hawakubeba orodha ya mambo ishirini. Walibeba jambo moja, na walilipeleka kwa mwenye uwezo wa kulitoa, miezi michache kabla ya uchaguzi. Kabla ya Agosti 2017 walikuwa wamekabidhiwa vitambulisho na kutambuliwa kama kabila la Kenya. Hatuwaambii mtembee mpaka Nairobi. Lakini tazameni walivyochagua jambo, ofisi na wakati.

Kitabu cha kaunti

Kila kaunti ina mpango wa maendeleo wa miaka mitano, wanauita CIDP. Wa sasa ni wa 2023 hadi 2027. Mpya utakaofuata unaandaliwa mara tu baada ya uchaguzi, na huo ndio utakaotawala fedha za Kwale kwa miaka mitano mingine. Jambo lisiloingia humo ni vigumu sana kulipata baadaye, hata gavana awe rafiki yako. Basi ahadi za kampeni za 2027 zina thamani zikiingia katika kitabu hicho, vinginevyo ni upepo.

Kila mwaka pia kuna tarehe, na katibu aziandike ukutani. Tarehe 1 Septemba mpango wa mwaka unapelekwa bunge la kaunti. Tarehe 28 Februari ni waraka wa mwelekeo wa fedha. Tarehe 30 Aprili ni makadirio ya bajeti. Mwaka wa fedha unaanza tarehe 1 Julai. Kabla ya kupitisha, kaunti inalazimika kuuliza maoni ya wananchi, na ndiyo ile mikutano ya wadi ambayo tunakwenda watu kumi na watano na wote tunaomba barabara. Angalieni hiyo tarehe 1 Septemba. Mwaka 2027 itakuwa wiki tatu tu baada ya kura, wakati wengine bado wanasherehekea na wengine wako mahakamani.

Kwale tumeshaona jambo lililoandikwa kwenye bajeti linavyofika mlangoni. Baada ya kaunti kuanza 2013 palikuwa na mpango wa basari wa Elimu ni Sasa, na ni nyumba chache hapa ambazo hazijui mtoto aliyenufaika nao. Uliwezekana kwa kuwa ulitengewa fungu. Sisi tunaomba fungu la aina hiyo: la mafundi wa viti na magongo, dawa za kifafa, mwalimu wa lugha ya ishara katika chekechea na vyuo vya ufundi, na nauli za wanaokwenda kupimwa.

Hili la kupimwa linawaumiza wengi. Ili upate kadi ya Baraza ni lazima jopo la madaktari likupime kwenye hospitali iliyoidhinishwa. Mtu anatoka Vanga au Mwereni, hawezi kupanda bodaboda peke yake, kwa hiyo analipa nauli ya watu wawili. Akifika anaambiwa jopo halikai leo. Anarudi juma lijalo, daktari mmoja hayupo. Wengi huachia hapo, na bila kadi hawapati msaada wa Baraza, mafuta ya ngozi kwa wenye ualbino, msamaha wa kodi, wala nafasi ya kazi. Ombi letu ni rahisi: jopo lizunguke. Likae Lungalunga siku moja kila baada ya miezi mitatu, siku nyingine Kikoneni, nyingine Ukunda, na tarehe zitangazwe misikitini na makanisani. Madaktari wale ni wafanyakazi wa kaunti, kinachotakiwa ni gari na posho. Tukimpata mgombea mmoja akaliweka hili katika maandishi tutakuwa tumepiga hatua kubwa kuliko viti hamsini.

Sheria iko upande wetu. Kifungu cha 54 cha Katiba kinampa mtu mwenye ulemavu haki ya kuheshimiwa, kusoma, kufika mahali pa umma, kutumia lugha ya ishara au Breli, na kupata vifaa. Kifungu hicho pia kinataka nafasi angalau 5 katika kila 100 za kuchaguliwa na kuteuliwa ziende kwa watu wenye ulemavu, hatua kwa hatua. Hatua hizo zimekuwa za kobe. Mwezi Mei 2025 Rais alitia sahihi sheria mpya ya watu wenye ulemavu, iliyochukua mahali pa ile ya 2003. Mmoja wa walioisukuma ni Crystal Asige, asiyeona, aliyeteuliwa kuingia Seneti mwaka 2022. Sheria hiyo inamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi atenge angalau asilimia 5 ya nafasi za kazi. Hebu fikirieni hoteli za Diani zina wafanyakazi wangapi. Vijana wetu waliomaliza chuo na wana ulemavu wapeleke barua zao wakiitaja sheria hiyo.

Na uongozi wenyewe je? Timothy Wanyonyi, anayetumia kiti cha magurudumu, alichaguliwa mbunge wa Westlands mwaka 2013, akarudishwa 2017 na 2022. Alichaguliwa kwa kura, hakuteuliwa. Msambweni ina wadi nne: Gombato Bongwe, Ukunda, Kinondo na Ramisi. Lungalunga zina nne pia. Kama kuna mtu wa kwenu mwenye ulemavu na ana uwezo, msimwambie angoje kuteuliwa.

Kujiandikisha, na siku yenyewe

Wengi wenye ulemavu hawana kitambulisho kwa sababu hakuna aliyewapeleka kwa chifu walipofika miaka 18. Nyumbani walisema, cha nini? Anzeni na hao sasa hivi, maana kitambulisho huchukua muda, na bila hicho au pasipoti Tume ya Uchaguzi, IEBC, haiwezi kumwandikisha. Mtu anayetambaa naye ni kura moja, sawa na ya gavana. Mgombea akijua katika kijiji chenu wako watu thelathini wenye ulemavu waliojiandikisha, pamoja na mama zao na ndugu zao, atakaa kitako kusikiliza.

Siku ya kura, asiyeona au asiyeweza kushika kalamu ana haki ya kusaidiwa na mtu anayemchagua mwenyewe. Msaidizi awe mtu mzima, asiwe mgombea wala wakala wa chama, na hujaza fomu ya kiapo cha kutunza siri. Anaruhusiwa kumsaidia mtu mmoja tu. Akikosekana msaidizi, msimamizi wa kituo ndiye atakayesaidia mbele ya mawakala. Sisi tunashauri mtu aje na wake, kwa sababu mbele ya mawakala siri yako inakuwa ya wote. Na asipange foleni, apelekwe mbele. Viongozi wa vikundi nendeni mkague vituo vyenu mapema. Mlango una ngazi? Mchanga ni mwingi mpaka kiti hakipiti? Chumba kiko ghorofani? Mkiona hivyo mwandikieni afisa wa IEBC wa eneo la ubunge mapema, msingoje usiku wa tarehe 9 Agosti.

Sasa kazi za kupeleka nyumbani. Daftari lianze juma hili. Likijaa, kikundi kikae kichague mambo matatu tu, si zaidi, na kila jambo liandikwe pembeni jina la ofisi inayohusika. Chagueni wasemaji wawili, na mmoja awe mtu mwenye ulemavu au mama anayelea mtoto mwenye ulemavu. Mgombea yeyote akija, wa chama chochote, msomeeni mambo hayo, mpeni karatasi aweke sahihi na tarehe mbele ya watu. Akikataa kutia sahihi, andikeni kwamba amekataa. Nakala moja ikae kwa katibu na nyingine mtuletee ofisini. Tutazipiga chapa katika toleo la jarida hili litakalotoka kabla ya kura, pamoja na majina ya waliosaini, bila maoni yetu. Majina ya walio kwenye daftari hatuyahitaji, tuleteeni hesabu tu. Kikundi ambacho hakina wa kuandika kitutumie ujumbe, kuna vijana wa kidato cha nne walio nyumbani ambao wamekubali kuja kusaidia, mradi wapewe nauli ya kurudi na chakula cha mchana.